Chiriku na Sahani ya Baba

Tarehe 4 Februari

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepunguza kuuma na presha imetulia. Sisi hatujambo, ila barua yako imeninyima raha siku tatu.

Sikatai uliyoandika. Ulipokuja kututazama, mjukuu wako alishinda na biskuti na soda siku mbili, na ulipomtia kijiko cha wali akakitema kwenye kanga yako. Ni kweli pia kwamba kliniki wanasema uzito wake haujasogea tangu mama yake atutoke, miezi mitano sasa.

Lakini kumchukua akakae kwako moja kwa moja, hapo naomba unisikilize. Mimi mchomeleaji, kutwa nasikia vyuma tu. Sauti ya huyu Chiriku wetu ndiyo inayonirudisha nyumbani. Biskuti nilimzoesha mwenyewe. Alikuwa akimlilia mama yake, nami sikujua kingine cha kumtulizia. Nipe hadi mwisho wa Aprili.

Mkweo,
Baba Chiriku

Tarehe 15 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba. Magoti ni yaleyale, presha usiulize.

Sina nia ya kukunyang'anya mtoto. Ila nimeshazika binti mmoja, na sina moyo wa kukaa nikimtazama wa pili akipukutika. Haya, mwisho wa Aprili. Akigoma kula, mbane pua, akifungua mdomo mtie kijiko. Mama yake nilimlea hivyohivyo, na alikua. Niandikie kila mara.

Mama yako,
Bibi Chiriku

Tarehe 9 Machi

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mafua niliyosikia yamekupata. Sisi tuko salama.

Nilimbana pua kama ulivyoniagiza, mara moja tu. Alitapika, na tangu siku hiyo akiona kijiko anakimbilia chini ya kitanda. Nikaenda kwa muuguzi wa kliniki nikiwa nimenyong'onyea. Hakunigombeza. Alisema, "Wewe panga chakula gani na saa ngapi. Ale kiasi gani, mwachie mwenyewe."

Basi nikaondoa biskuti na soda ndani ya nyumba, nikaweka saa za kula, nikazima televisheni. Siku mbili za kwanza tulilia wote wawili, yeye kwa sauti, mimi kimoyomoyo. Siku ya tatu nikaketi naye mkekani badala ya kula nimesimama jikoni. Akaichungulia sahani yangu, akauliza, "Mbona wewe mboga huli?"

Mama, wewe unajua. Mwanao ndiye aliyekuwa akinitolea mchicha pembeni kama mtoto. Ikabidi niule mbele yake. Nilitafuna kama ng'ombe aliyepewa kamba, naye akacheka mpaka akalala chali. Kisha akanyoosha mkono, akachukua jani moja kwenye sahani yangu, akalitafuna, akalitema. Kesho yake tena, na keshokutwa. Siku ya sita akameza.

Mkweo,
Baba Chiriku

Tarehe 20 Aprili

Mkwe wangu,

Hujambo? Nimekutumia barua mbili, hukujibu hata moja. Wiki sita kimya. Kama ni jani moja tu lililomezwa, sema. Alhamisi napanda basi.

Bibi Chiriku

Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Nimefika salama, mwili mzima. Hata magoti leo yamenipa likizo.

Nilikuja nimekasirika, ujue. Nikamkuta mtoto amepanda juu ya kigoda, anaosha nyanya kwenye beseni, maji yamemwagika mpaka mlangoni, nawe unapiga deki nyuma yake bila kumkaripia. Uliponiambia kwamba aliumwa tumbo wiki mbili, akapungua tena, ukaona aibu kuniandikia, nilitaka kukufokea. Siku nyingine mwanangu niandikie hata la aibu. Kimya chako kilinitesa kuliko habari yoyote.

Pale mkekani nilijisahau, nikamshindilia wali sahani ikajaa. Akarudisha nusu kwenye sufuria, akaniambia, "Bibi, nikitaka nitaongeza." Na akaongeza kweli, pamoja na maharage na mchicha. Nilijifanya natafuta chumvi nisije nikalia mbele yake.

Ijumaa kwenye mzani sikuweza kujizuia. Muuguzi alipotaja kilo moja na nusu zilizoongezeka, nilimwomba ampime tena. Akampima tena. Zilikuwa zilezile.

Kuna jambo sikukwambia. Mama yake nilimbana pua kumnywesha uji, na hakuugusa tena uji mpaka anaingia kaburini. Nilijiambia ni tabia yake tu. Mimi ndiye niliyemharibia. Wewe hukumharibia wako.

Nilikuja na begi tupu la kubebea nguo zake. Nimerudi nalo lina mapapai mawili aliyonichagulia mwenyewe sokoni. Kwenye basi nililiweka mapajani, nikasinzia kabla hatujatoka mjini, kondakta akaja kuniamsha kituoni kwetu. Sijapata usingizi wa namna hiyo tangu tumzike.

Mama yako