Mchezo Usiokula Bando

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. Mdogo wako asitoke bila sweta. ~~Simu nimezifungia kabatini mpaka Jumapili.~~ Nimeghairi, ziko hapa mezani.

Asubuhi nilikuita mwongo mbele yake. Ulisema, "Mama, bando lako hatujaligusa, simu zinaongea zenyewe kwa zenyewe." Nikakukatiza, kwa kuwa kwenye darasa langu la jioni la kompyuta niliandika "bila bando hakuna mtandao," nikayashika maneno hayo kama aya.

Ulipoenda kumwogesha, nikajaribu. Nilizima data kwenye simu yako na ile yangu ya zamani anayochezea mdogo wako. Nikawasha hotspoti kwenye yako, ya zamani ikajiunga, na mchezo ukafunguka! Magari mawili, kila moja na simu yake. Nikabeba simu moja mpaka jikoni, magari bado yanafukuzana tu.

Nimesali, nimetubu, lakini niliyemuumiza ni wewe. Nisamehe, mwanangu. Bado mko bafuni na zamu ya kazini hainingoji. Nikirudi nitayasema haya mbele ya mdogo wako, maana naye alisikia.

Halafu mnieleze: bluetooth nayo ingefika jikoni? Na mchezaji wa tatu anaruhusiwa? Naulizia nafasi yangu.

Mama