Ng'ombe wa Wakesho Ameamkaje

Yussuf,

Nimeandika "u hali gani", nikaifuta. Kisha nikaona aibu kuifuta, nikaiandika tena, nikaifuta tena. Hivi ndivyo nilivyo siku hizi, rafiki yangu. Nashika jambo, naliacha, nalirudia, na mara najikuta nimesimama katikati ya kambi na kikombe mkononi, sijui nilikuwa naenda kunywa au kuosha.

Nimekaa juu ya kichuguu chetu, pembeni mwa mifuko ya mchanga, mahali pekee ambapo mtandao unashika. Simu bado ina vituko vyake. Nikiielekeza huku niko Kenya, nikiigeuza kidogo inanikaribisha Somalia, na mimi sijanyanyua hata mguu. Leo upepo unatoka upande ule na umetuletea milio ya bunduki tangu asubuhi. Koo za ng'ambo zinapigana zenyewe kwa zenyewe tena. Zamani ungetega sikio, ungenitajia ni akina nani na akina nani, ungesema una binamu pande zote mbili, kisha ungeuliza chai iko wapi. Sasa nasikiliza peke yangu. Sijui nani anampiga nani, wala kwa nini vita vya watu wasionijua vinikalishe huku Hulugho wakati mtoto wangu anang'oka meno ya utoto Taita.

Bauza, lori letu la maji, haipiti tena barabara ile. Tangu siku yako inazunguka mbali, inafika mchana, na maji yanakuwa ya moto kama ya kuogea mgonjwa. Asubuhi uliyotoka nayo mimi nilikuwa lindoni. Nilisikia mlipuko, nikaona vumbi limesimama juu ya miti, na amri ikawa nisibanduke. Nilipopokewa lindo, helikopta ilikuwa imeshakuchukua. Kabla jua halijatua ulikuwa umeshazikwa kwenu Sangailu, kama dini yenu inavyotaka. Sikuuona mwili. Sikuliona kaburi. Kwetu maiti hukaa, watu wakaja, wakaimba, wakagombana hata juu ya chakula, mpaka kichwa kikakubali. Wewe uliniaga unakwenda kuchota maji. Kichwa changu kimebaki hapo hapo, na kuna asubuhi namimina chai vikombe viwili.

Kitanda chako amepewa koplo mmoja wa Busia anayekoroma. Ndala zako nimezikataza zisiguswe, sijui kwa mamlaka gani. Ziko chini ya kitanda changu.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya ndala. Nina jambo, na mtu wa kunieleza ni wewe tu, na ndiyo maana nimekasirika nawe tangu juzi. Baba yako amenipigia simu. Unajua Kiswahili chake. Alisema, "Mwakio, mtoto yangu, bole na kazi. Ng'ombe ya Wakesho imezaa, mtoto ya kike. Na Habiba pia amejifungua, kijana. Alhamdulillah."

Umesikia? Una mtoto wa kiume. Mkeo ni mzima. Nilifurahi, nikalia, nikampongeza Mzee, nikamshukuru kwa habari za ng'ombe, na yeye akawa kimya. Nikampongeza mara ya pili. Bado kimya. Mwishowe akasema, "Zile za Yussuf zote jua imemaliza. Imebaki hii ya mtoto yako, bas." Kisha simu ikakatika, au aliikata, sijui.

Sasa niambie, alitaka nifurahi tu? Au kuna jambo nilitakiwa kulisema pale, na mimi, mtu wa migomba na mihogo, nikamwambia mzee wa watu "asante, kwaheri"?

Nimekumbuka siku ile nilipokuonyesha picha ya Wakesho. Alikuwa ameshaanza kutembea, na wewe ukauliza ana mnyama gani. Nikasema ana paka. Ulicheka hadi sajini akaja kuuliza kuna nini. Ndipo ukanieleza kwamba kwenu mtoto akizaliwa, kitovu kikifungwa, baba anamtengea mnyama jike, na uzao wote wa mnyama huyo ni wa mtoto. Ng'ombe zako zote zilitokana na mmoja uliyetengewa na Mzee ulipozaliwa. Ukapiga simu nyumbani papo hapo, ukamkatia Wakesho ndama jike kutoka uzao huo. "Amechelewa, kitovu kimepona kitambo," ulisema, "lakini mtoto hawezi kuishi na paka." Mimi nilidhani ni utani wa kambini. Nilipoambiwa sikio la ndama limeshachanjwa alama ya Wakesho, nikasema basi sasa tuna ng'ombe. Ukanikatiza. "Si yenu. Ni yake. Hata wewe baba ukitaka maziwa, unaomba."

Alipoanza kusema, mtoto hakuniulizia mimi. Kila nikipiga, ni "Baba, ng'ombe wangu ameamkaje?" na "Mpe adeer simu." Ulimfundisha akuite hivyo, baba mdogo kwa lugha yenu, na akakuita kuliko anavyoniita mimi. Nawe ulikuwa ukiishika simu kwa heshima zote kama unaongea na jenerali, unatoa ripoti: "Ameamka vizuri. Amekula, amekunywa, amelala." Ng'ombe mwenyewe yuko Sangailu, wewe uko kambini, hukumwona miezi na miezi. Nilikuuliza unajuaje. Ulisema ng'ombe aliye hai hana mambo mengine ya kufanya.

Tangu ufe nimekuwa nikimwambia adeer yuko lindoni. Ng'ombe namtolea ripoti mimi. Mtoto anasikiliza, kisha anasema kwa adabu kwamba mimi sijui vizuri, atangoja adeer.

Basi tazama nilivyobanwa. Nadhani Mzee ananingoja nimpe mwanao yule ndama. Ana ng'ombe zake, angeweza kumtengea mjukuu mmojawapo, lakini hao ni wa uzao wake yeye. Wa uzao wako, wa mkono wako, amebaki wa Wakesho na huyo ndama wake. Hivyo ndivyo ninavyoelewa mimi. Labda sielewi. Maana nakumbuka pia nilipokurudishia kikoi ulichonipa, nikidhani umeniazima. Ulininunia hadi jioni. "Nimekupa kitu, unanirudishia, kwani nimekufa?"

Sasa umekufa, Yussuf. Sijui kama hilo linafanya kurudisha kuwe halali au kuwe kubaya zaidi.

Nilimuuliza sajini, akasema nipeleke sukari na kanga, inatosha. Nilimuuliza mke wangu. Mama Wakesho akasema, "Mbona unatuuliza sisi? Ndama si wa kwako, na si wa kwangu." Miaka yote hii nilidhani ni mimi peke yangu niliyekusikia ulivyosema ng'ombe ni wa nani.

Kumbe jambo lote lilikuwa hapo. Ili nimpe mwanao ndama lazima nimwombe Wakesho, na ili nimwombe lazima nimwambie kwamba adeer hayuko lindoni.

Nimemwambia leo asubuhi, hapa kichuguuni. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa barabara yoyote. Nilisema adeer Yussuf alikufa. Nilisikia kuku wa kwetu, nikasikia mama yake akipiga fagio uani, nikatamani sana kuwa pale nimshike, nikajichukia kwa kumpa habari kama hiyo kwa simu, kutoka mahali asipopajua. Kisha akauliza, "Amekufa kama kuku au kama babu?" Nikasema kama babu. Akasema, "Kwa hiyo harudi." Nikasema harudi. Na unajua, Yussuf, nadhani ilikuwa mara ya kwanza mimi mwenyewe kulisikia.

Alilia, nami nililia, na koplo wa Busia aliyekuwa akingoja zamu yake ya mtandao akaondoka polepole bila kuaga. Alipotulia nikamweleza kuhusu ndama, na kuhusu mtoto mchanga wa Sangailu ambaye hana mnyama wa kutoka kwa baba yake. Nikasema ndama ni wake, akikataa hakuna atakayemlaumu. Aliuliza kama mtoto huyo ana simu. Nikasema mama yake anayo. Akafikiri.

"Mpe," akasema. "Lakini wewe ndiye utakuwa unampigia, umwambie ameamkaje."

Nikasema sawa afande.

Baadaye nimempigia Mzee, nikamwambia ndama amepewa mwanao na Wakesho binti Mwakio, kwa idhini yake mwenyewe. Mzee hakusema asante. Alisema, "Haya," kisha akaita watu kwa sauti kubwa walete kisu cha kuchanjia masikio. Kwa hiyo nadhani nimefanya sawa. Kama nimekosea, ninunie, nimeshazoea.

Nikipewa likizo nitapitia Sangailu kabla ya kwenda kwangu. Mama Wakesho amekubali, kwa sauti ya mtu aliyenuna nusu. Nitasimama kwenye kaburi lako kwanza, ili macho nayo yapate habari. Ndala zako nitampa Habiba, na utanisamehe kwa kuwa nitakuombea kwa namna ya kwetu, sijui nyingine. Lala kwa amani, rafiki yangu. Allah akurehemu, kama mnavyosema.

Na ahadi ni hii, kwako na kwa yule bosi wangu mdogo wa Taita. Habiba atakuwa anaiweka simu sikioni mwa mtoto, hata kama kwa sasa atasikia kelele tu. Ndama mwenyewe sijamwona. Sijui ana rangi gani. Mtandao umeshika, nampigia mwanao sasa hivi, nimwambie ameamka vizuri, amekula, amekunywa, amelala.

Mwakio