Mumbua Wawili

Jumapili, Agosti 2008

Baridi na manyunyu tangu asubuhi. Niko saiba, kwenye kompyuta za kukodi, hapa Machakos mjini, naandika kwa sababu sina wa kumpigia simu.

Jana tulikuwa Mwala kwa mama mkwe, kumpa jina mtoto wa shemeji yangu. Ni msichana, kifungua mimba. Kwetu Wakamba msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake, kwa hiyo huyu ataitwa Mumbua. Binti yangu wa miaka minane pia ni Mumbua.

Wangu alizaliwa na hali ambayo daktari aliiita Williams. Kipande kidogo cha vinasaba hakipo. Hakikupotelea kwangu wala kwa baba yake, ilitokea tu. Hesabu hazimwingii kabisa. Mashine ya kusaga posho ikinguruma, analia. Lakini watu anawapenda kupita kiasi! Sokoni Muthetheni huwakumbatia hata wauza mbuzi asiowajua, huwauliza majina ya watoto wao, na wiki inayofuata bado anayakumbuka.

Hana rafiki hata mmoja.

Watoto wenzake humcheka, halafu humchoka. Mama zao nao wameacha kuja kwangu. Labda hawajui waseme nini.

Jana asubuhi, tukichambua mchele jikoni, mama mkwe aliniambia kwa upole, "Huyu wako muite Faith tu, jina la ubatizo. Langu wacha likae kwa huyu mdogo, lisije likaleta shida tena."

Yale yote ya daktari nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema, "Sawa, mwaitu," yaani sawa, mama. Naona aibu kuandika hilo, lakini ndivyo nilivyojibu, mimi mama yake.

Mchana wanawake walipokezana kichanga mpaka kikafika kwa bibi yake. Akakiinua, akasema kwa sauti, "Leo nimepata wa jina langu!" Vigelegele vikapigwa.

Mumbua akachomoka kando yangu. Akamkumbatia bibi yake pamoja na kichanga, akatangaza, "Susu, sasa tuko watatu!"

Vigelegele vikakatika. Mama mkwe akatazama chini. Wengine wote wakanitazama mimi, wakingoja nimtoe.

Nikamtoa. Nikamshika mkono nikasema, "Faith, njoo."

Akaniangalia kwa huruma, jinsi anavyomwangalia mtu aliyechoka. "Mama, umesahau? Mimi ni Mumbua."

Nimekuwa nikilalamika kwamba watu wametuacha, na jana mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

Leo kabla ya kanisa nimemwita Mumbua bila sababu yoyote, kusikia tu kama bado ataniitikia. Amekuja mbio.

Jumamosi nitarudi Mwala kumwambia mama mkwe kwamba jina halirudishwi. Mume wangu amesema hayo ni mambo ya wanawake, kwa hiyo nitakuwa peke yangu mle jikoni.

Nitaweza kweli?