Duara la Bwana Muhuri

Mdogo wangu mpenzi, mtoto wa mama yangu,

Pokea salamu zangu nyingi, zitakazobaki ziweke akiba. Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri, ule mgongo umepoa, na wapwa zangu na wajukuu wote ni wazima. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima kuliko vijana wa huku. Goti la kulia linalalamika kila asubuhi, lakini nikishalitukana mara mbili linanyooka, tunakwenda kazini.

Kabla ya yote, ushangae kidogo: mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Tangu mwaka jana nasoma darasa la watu wazima nyuma ya zahanati, mimi na akina bibi kumi na mmoja. Mwalimu alisema mbele ya wote kwamba hajapata kufundisha mtu mbishi kama mimi. Nimeichukua kama sifa. Ukurasa huu umenila asubuhi nzima, kwa hiyo usiupitie mbiombio, usome kwa adabu.

Sasa habari. Siku ulipoondoka huku, tumeshamzika mumeo, ulisimama mlangoni na sanduku mkononi, ukasema hutaukanyaga mji huu tena mpaka umjue mtu aliyeianza ile karatasi. Wanachama arobaini na mmoja wa klabu ya mpira waliweka majina yao kumkataa mumeo, mwenyekiti wao, na wewe ukasema arobaini ni kondoo tu, unamtaka yule wa mbele. Nilikuapia kwa kaburi la mama kwamba nitakuletea jina lake, na kwamba yule aliyeitembeza karatasi nitamwonyesha cha mtema kuni. Miaka sita sasa. Watu walidhani nimesahau. Mimi sisahau. Kuna beki aliyenikanyagia mstari mbichi wa chokaa uwanjani mwaka wa kwanza wa kazi yangu. Ana wajukuu sasa, na salamu yake mpaka leo siitikii.

Aliyeitembeza karatasi unamjua, aliyekuwa katibu wa klabu enzi za mumeo, halafu akakikalia kiti chake kabla hakijapoa. Washabiki wanamwita Bwana Muhuri, kwa sababu muhuri wa klabu anatembea nao mfukoni kama mtu mwenye pumu anavyotembea na dawa. Hata risiti ya kununua sindano ya kujazia mpira upepo anaigonga.

Mumeo washabiki hawajamwacha. Nakwambia hivi ufurahi. Kila mwaka, mechi ya mwisho ya nyumbani ni yake. Wanakuja na gambuti mikononi, mtu na jozi yake, kwa kumkumbuka Mzee Gambuti alivyokuwa akishuka na koleo siku za mvua kutoa maji uwanjani pamoja nami, huku wenyeviti wa timu nyingine wamekaa juu wanafuta miwani. Kabla mpira haujaanza wanagonganisha nyayo za gambuti mara kumi na tisa, mara moja kwa kila mwaka aliotuongoza. Kwa! Kwa! Uwanja mzima. Fundi viatu, yule mkuu wa washabiki, ndiye anayehesabu kwa sauti. Wanasimuliana jinsi alivyokaa nyuma ya goli pamoja nao na hakutaka kiti cha jukwaani. Wanasimulia siku kipa wetu alipofungwa saba, mumeo akamshika mkono akampeleka mpaka kwao kwa miguu, ili asitokee mtu wa kumzomea njiani. Mama mmoja mwaka huu alikuja na gambuti za mtoto mchanga. Nikamuuliza huyo wa miezi mitatu anamkumbuka nani, akanijibu, mzee, kumbukumbu hurithiwa kama pua.

Basi mwaka huu uchaguzi wa klabu uko karibu, na Bwana Muhuri kaona mapenzi hayo yote yanapotea bure. Akaja kwenye banda langu la vifaa akiwa na suti, akaniita mzee wangu, jambo ambalo hajalifanya tangu azaliwe. Alisema safari hii atahutubia yeye mwenyewe kwenye kumbukumbu. Anataka niwe kando yake, mimi shemeji wa marehemu na mfanyakazi mkongwe kuliko wote, ili watu waone familia iko naye. Nilichekelea mpaka meno yote sita yakaonekana. Nikamwambia mheshimiwa, hilo ni jambo la heshima, na mahali pa kusimama nitakuandalia mimi.

Sikiliza sasa kazi ya mtu anayejua kazi yake. Chini ya uwanja ule kuna mtaro wa mawe unaotoa maji upande wa jukwaa kuu na kuyapeleka nyuma ya goli. Tuliuchimba watu watatu: mumeo, mshona nyavu na mimi. Wawili wamekufa, kwa hiyo mdomo wa mtaro ule unajulikana na Mungu na mimi. Siku nne kabla ya mechi niliuziba kwa magunia, nikafungulia bomba la kumwagilia. Nilichagua nje ya mstari, mbele ya jukwaa, mguu wa mchezaji usipofika. Mimi siharibu mpira, naharibu mtu. Majani juu yakawa mabichi, yamelala vizuri kama zulia la ofisini, na chini yake uji mtupu. Asubuhi ya mechi nikatandika mbao, nikalala kifudifudi juu yake, nikafunga kamba kwenye kigingi, nikachora duara la chokaa. Katika miaka yangu thelathini na minane sijachora duara zuri namna ile. Ungeweza kuweka jicho la mtu pale katikati. Kisha nikaondoa mbao.

Jumamosi hiyo, saa tisa, uwanja umefurika. Nikamwonyesha Bwana Muhuri duara lake, akaona jinsi alivyothaminiwa, akaingia kwa madaha na viatu vyake vyeusi vinavyong'aa. Mimi nikabaki nje ya mstari na gambuti zangu. Akashika kipaza sauti. Akasema yeye alikuwa mkono wa kuume wa marehemu, na kwamba marehemu alimkabidhi klabu hii kwa mikono yake mwenyewe. Alipofika hapo alikuwa ameshazama mpaka vifundo vya miguu. Akadhani ataongea tu. Akasogea apate pagumu, mguu wa kulia ukaenda mpaka katikati ya muundi. Akauvuta, ukatoka bila kiatu.

Uwanja mzima uliinuka kutazama. Halafu fundi viatu akapaza sauti kutoka nyuma ya goli akisema, mheshimiwa, kiatu nitakushonea, lakini udongo sina dawa yake! Basi tena. Watu mia nane, kila mmoja kashika gambuti, na hakuna hata mmoja aliyemwazima. Akivuta mguu, wanagonga: kwa! Akivuta wa pili, kwa! Fundi viatu anahesabu. Alitoka pale kwa magoti, tai imezama kwenye tope, na walipofika kumi na tisa alikuwa amekaa nje ya duara na soksi moja. Mama wa gambuti za kichanga alimnyooshea zile ndogo, akamuuliza kama zitamtosha. Nilicheka mpaka nikashika mlingoti wa kona. Nikasema, mdogo wangu, laiti ungekuwepo.

Ningependa barua iishie hapo. Ningekuwa nimeandika barua nzuri.

Jumatatu asubuhi akaniita ofisini. Nilikwenda nimechana nywele, nikijua ananifukuza kazi, na maneno ya kumjibu nilikuwa nimeyapanga kama matofali. Hakufoka. Alifunga mlango, akanipa kiti, akafungua kabati la chuma, akanitolea karatasi. Aliniambia kwa upole kwamba amesikia siku hizi nasoma, basi nisome.

Nilisoma kwa kidole. Juu kulikuwa na maneno ya kutokuwa na imani na mwenyekiti. Chini yake namba moja. Na kwenye namba moja, mdogo wangu, kulikuwa na jina langu. Kando yake dole gumba, na katikati ya dole ule mkato niliokatwa na waya nikiwa kijana. Nililigeuza dole langu nikalitazama, nikatazama karatasi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi miaka sita nilikuwa nakagua nguo za watu.

Nikakumbuka. Ilikuwa asubuhi ya mvua, tumejikinga bandani, mimi, mlinzi wa geti na wale wapiga fyekeo. Bwana Muhuri aliingia na karatasi, akanipa mimi kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wao. Alisema, mzee, soma uone kama unakubaliana nayo. Basi. Hakusema ni ya nini. Hakunidanganya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Unajua nilitoroka shule darasa la pili, ila hukujua kwamba sikutoka na hata herufi moja. Nilimficha kila mtu. Nilifikiri ni orodha ya nyavu mpya tulizokuwa tumeziomba. Na vijana wananitazama. Nikaishika karatasi, nikapitisha macho juu mpaka chini, nikatikisa midomo, nikasema imekaa sawasawa, haina kosa. Nikasema mikono yangu ina chokaa, siwezi kushika kalamu, nipe wino nigonge dole. Nikawageukia wenzangu nikawaambia mimi nimeisoma yote, wekeni. Wakaweka. Waliofuata wakaambiwa shemeji yake mwenyewe ameshaweka, nyie ni nani? Mdomo uliponza kichwa, lakini kichwa kilichokatwa hakikuwa changu.

Nilimuuliza Bwana Muhuri kama mumeo aliiona. Akasema alimwonyesha jioni ya kuamkia mkutano. Alijiandaa kwa kelele, lakini mumeo alikaa akaitazama ile namba moja muda mrefu, kisha akauliza mkutano ni saa ngapi. Kesho yake, mbele ya watu waliokuja tayari kumpigania, aliweka funguo mezani akaenda nyumbani. Wote tulijiuliza kwa nini hakupigana. Wewe ulisema alichoka. Hakuchoka. Aliona dole langu.

Na hakukwambia. Miaka miwili aliyoishi baada ya hapo nilikuja kwenu kila Jumapili, nikala mezani kwake, nikawatukana wasaliti mbele yake, naye ananiongezea chai. Mara moja tu, wewe ukiwa jikoni, aliniuliza, shemeji, nilikukosea nini? Nikadhani ananitania. Nikamjibu ulinikosea ulipomchukua dada yangu bila kuniachia mtu wa kunipikia. Akacheka. Hakuuliza tena.

Bwana Muhuri alirudisha karatasi kabatini, akanieleza shida yake. Tangu Jumamosi washabiki wanamtaka fundi viatu awe mwenyekiti. Mkutano mkuu ni Jumamosi hii. Anataka nisimame niseme bomba lilipasuka lenyewe, na familia ya marehemu inamuunga mkono. Nikikataa, nakala itakuja kwako kwa posta, ikiwa imegongwa muhuri. Alisema anajua nakupenda. Nikamwambia nitafikiri mpaka Alhamisi.

Sijafikiri hata kidogo. Anajidai ananijua, kumbe hajui kuna mtu namnunia zaidi ya miaka thelathini kwa mstari wa chokaa. Barua hii inaondoka leo na dereva wa basi, itafika kabla ya nakala yake. Akitaka aitume, aigonge hata mihuri kumi, wewe utakuwa umeshasikia kwangu. Jumamosi nitasimama kweli. Nitawaambia bomba nilifungulia mimi, mtaro niliuziba mimi, na dole la kwanza ni langu, na nitawaeleza karatasi ile iligongwa vipi, na watu waliofuata walidanganywa na mjinga mwenye majivuno. Watanizomea. Wanizomee. Huenda hata kazi niikose, na banda langu wampe mtu asiyejua kunyoosha kamba. Lakini nikianguka nitakuwa nimemshika koti, na yeye hatainuka. Mimi kuanguka nimezoea, nina goti.

Umeliona jina ulilolitaka. Nilikuapia nitakuletea, nimekuletea, na sitakuomba ulifute. Ukikaa huko, nitajua ni kwa nini, na sitatuma mtu kukubembeleza. Ukija, usipite kwangu kwanza. Nenda pale alipolala mumeo umwambie kwamba sikujua kusoma. Mimi nimekwenda mara tatu wiki hii kumwambia mwenyewe. Nafika, navua kofia, nasema shemeji, halafu nang'oa magugu, narudi.

Nisalimie wapwa zangu, mkubwa mwambie aache sigara. Wajukuu wabusu kwenye vipaji vya nyuso, usiwaambie ni kutoka kwa nani kama umeona haifai. Mungu akulinde na baridi ya huko.

Ni mimi kaka yako, niliyezaliwa na wewe tumbo moja,
mpiga chokaa wa uwanja, mpaka Jumamosi.