Wamesema Nimeanguka

Mbuke, uko wapi? Ibada ishaanza na mimi nimenaswa.

Mjukuu wangu Stanslaus, tangu apate ile almasi kule machimboni Maganzo hatulii. Kaninunulia sofa nyekundu, kaiweka mbele kabisa ya kanisa. Nimekalishwa hapo, watu wote wananitazama!

Tulipoambiwa tuombe, nikashuka nipige magoti, kama tulivyopiga mimi na wewe tangu miaka ya sabini, sakafu ikiwa bado vumbi. Mzee wa kanisa akapaza sauti, "Bibi ameanguka!"

Ameanguka! Mbuke, nilikuwa naomba!

Wakaninyanyua juu juu, wakanirudisha kwenye sofa. Nikasema, "Jamani, naomba." Wakadhani naomba maji. Wakaniletea soda!

Stanslaus ananipepea na kitabu cha nyimbo, machozi yanamlenga. "Bibi, umeteseka sana chini, sasa basi." Mtoto ana upendo huyu, nitamkemeaje? Lakini hapa nilipo sala haiji, Mbuke. Haiji kabisa.

Kwaya ikimaliza tutaomba tena. Njoo haraka, uje huku mbele. Tukishuka wawili, hawatasema tumeanguka.