Siafu Uani kwa Mama Shabani

Gisenyi, msimu wa masika

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje huko Karagwe na baridi hii ya mvua? Kaka aliniandikia kwamba siku hizi unakwenda kanisani kwa fimbo. Nilisikitika, ingawa najua ukishika fimbo wajukuu wanashika adabu. Sisi hapa tu wazima. Neema ameota meno ya nyuma na anauma kila anachokiona. Mimi nimechoka tu, mama, uchovu ule ambao unalala nao na unaamka nao.

Umeuliza kama uuze kibanja chako cha migomba uje kukaa nasi katika nyumba hii. Nitakujibu, ila jibu langu linapitia kwa wadudu, kwa hiyo nivumilie.

Kazi imelala. Viazi ninavyouza sokoni vinatoka Bugeshi, na njia ya kule siku hizi ina hofu ya waasi. Wiki nzima inaweza kupita gari halijashuka. Baba Neema yuko Kigali anahangaikia kibarua. Basi mimi nageuza ndoo uani, nakaa juu yake, natazama sisimizi. Usinicheke. Wana mji wao chini ya ukuta wa mawe meusi, karibu na jiko la nje. Wakikutana njiani hakuna anayempita mwenzake bila kusimama na kugusana vichwa, kama Wahaya wanavyoulizana habari za nyumbani mpaka mzigo unawachosha. Yupo mmoja nimempa jina la Karani. Yeye habebi kitu, kazi yake ni kuwakagua wanaobeba. Wafu wao huwapeleka nyuma ya choo na kuwalaza pamoja, na makaburi yao ni safi kuliko uwanja wangu. Juzi wawili walishika punje moja ya ugali, huyu anavuta huku, yule anavuta kule, nikawatazama mpaka uji ukaungua. Punje haikusogea. Nikasema hawa ndio ndugu zangu.

Mwanzoni nilitaka kuwamwagia maji ya moto, maana walikuwa wanaingia kwenye sukari. Mama Shabani akatoka jikoni akanishika mkono.

"We, acha ile maji," akasema. "Ile vidudu iko pale tangu niliolewaka hapa."

Huyo Mama Shabani ndiye mwenye nyumba. Najua Kaka alikwambia tumepewa nyumba ya vyumba vinne. Ni kweli tuliporudi huku Rwanda baada ya vita tulionyeshwa nyumba tupu, mlango umefungwa kwa kamba, tukaambiwa tuingie. Lakini mwaka juzi watu waliokimbia vita walipotoka kambi za wakimbizi upande wa Goma, mama huyu alikuja na mkeka kichwani, akasimama langoni, akatukuta tunakula. Wakubwa wa komini, serikali ya hapa mtaani, walisema nyumba ni yake, sisi tutafute pengine, tukapewa muda. Muda umekwisha zamani. Hajatufukuza. Aliomba jiko la nje tu, akatandika mkeka wake humo, na humo anaswali, anapika na kulala na kuku wake. Tunasalimiana vizuri na jambo lenyewe hatuligusi. Nikimwona anatazama dirisha la chumba chake mwenyewe, mimi najitia kutazama sisimizi.

Sasa wiki iliyopita mvua kubwa ilinyesha, na ilipokatika nilimwacha Neema amelala ndani nikaenda bombani. Nikiwa kwenye foleni nikasikia jirani anapiga kelele kwamba siafu wametoka kwenye mawe. Unawajua siafu. Hapa nako, kama kwetu, watu huwaacha wapite ndani wafagie mende na panya, na pale wasipowataka wanamwaga majivu. Niliacha ndoo pale pale nikakimbia.

Nilikuta majivu yamemwagwa kuizunguka nyumba yote, mstari mnene, na mlangoni yamerudiwa mara mbili. Siafu walikuwa wamefika pale wakageuka. Neema alikuwa kitandani, hata hajajigeuza. Lakini majivu yote yalitoka katika mafiga ya Mama Shabani, na mlango wa jiko lake haukuwa na chembe. Ndiko walikoingia. Kuku wawili walikuwa wamekufa juu ya mkeka, waliobaki wako juu ya paa, naye amesimama uani anajibandua siafu miguuni.

Nilimuuliza kwa nini hakuanza na kwake. Nilimuuliza kwa ukali, mama, kwa sababu ya aibu.

"Majivu ilikuwa kidogo," akasema. Akautazama mlango wa nyumba, si mimi. "Mi nilitokaka mu ile nyumba mbio, mutoto iko mugongo. Sitaki nione mutoto mwingine anatolewa mule mbio."

Mtoto huyo ndiye Shabani. Mama yake alirudi kutoka kambini bila yeye. Miaka hii miwili nimemwita mama huyu kwa jina la mwanawe na sikuwahi kumuuliza yuko wapi. Niliketi chini kwenye matope nikalia, naye akaendelea kujibandua siafu.

Kesho yake niliwatafuta sisimizi wangu. Siafu walikuwa wamewavamia vibaya. Waliobaki walikuwa wanapanda ukuta mmoja mmoja, kila mmoja na yai jeupe mdomoni, wanahama. Hata Karani alikuwa amebeba. Nikaenda jikoni, nikauchukua mkeka wa Mama Shabani, nikautandika katika chumba chake, ufunguo nikauweka juu yake. Alinuna, akasema namfukuza jikoni kwake. Jioni aliingia. Sasa mimi na Neema tunalala jikoni, na nimeziba mlango kwa majivu.

Baba Neema nimemwandikia. Akubali au anune, nimeshaamua. Tangu tufike hapa kila mtu ananiambia nimerudi nyumbani, nami nimejitahidi kuamini mpaka nguvu zimeniishia.

Nisalimie Kaka, mwambie nyumba aliyoisifia kanisani ina mwenyewe. Nisalimie shangazi anayesuka mikeka, na jirani yule anayekugawia maziwa. Neema anakuamkia kwa meno yake yote.

Usiuze kibanja, mama. Na kama umeshafuga mbuzi katika chumba changu, anza kuwatoa.

Mwanao akupendaye,
Adela