Honi ya Maji

Jumatatu, 4 Agosti
Nimechomelea waya tena asubuhi nzima. Redio za watu zimerundikana, sijazigusa. Injini ya kisima cha kijiji ikiwaka, simu kuukuu niliyoifunga pale itabipu simu za wanakijiji. Wajue maji yanakuja kabla ya kutembea nusu saa hadi kwenye tangi. Manyoni nzima hakuna mashine kama hii. Situlii. Nazunguka kama kuku anayetaka kutaga.

Jumatano, 6 Agosti
Imefanya kazi. Simu tisa zimeita. Kwenye tangi hakuja mtu.
Nikaenda kwa shangazi Agnesi. Shikamoo, marahaba. Mbona hukutoka?
"Simu anayo mume wangu, na yeye yuko Itigi. Atanichotea maji kutoka huko?"
Aibu. Miezi minne natengeneza, sikuuliza mwanamke hata mmoja.

Alhamisi, 7 Agosti
Nyumba kwa nyumba na daftari. Wote wanataka kitu kimoja: sauti ya kusikiwa na kila mtu, hata mikono ikiwa kwenye unga.
Nimepata honi ya lori bovu. Simu ya pili, ikibipiwa na ile ya kisimani, itaiwasha.

Jumapili, 10 Agosti
Siku mbaya.
Honi ililia juu ya paa la ofisi ya kijiji, watu wakitoka kanisani. Wanawake wakakimbia na ndoo, wanacheka. Tangi kavu. Injini iliwaka kweli, ila bomba limepasuka njiani. Mashine yangu inajua injini. Maji haiyajui.
Mama mmoja mjamzito alikaa chini kwenye vumbi. Bora angenitukana.
Mzee Mkumbo, mwenyekiti wa kamati ya maji, alisema mbele ya wote: "Fundi, kitu chako kinadanganya. Kitoe."
Nikaomba wiki moja. Akanitazama weee.
"Wiki moja. Kikidanganya tena, usirudi hapa."

Jumanne, 12 Agosti
Hasira. Na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe. Nani aliniuliza habari za injini? Waliniuliza maji.

Ijumaa, 15 Agosti
Bomba wameziba. Nimehamishia waya ndani ya tangi. Dumu dogo tupu linaelea. Maji yakilinyanyua hadi nusu ya tangi, waya zinagusana, simu inabipu, honi inalia. Chini ya nusu, kimya.
Nimejaribu mara saba. Bado siamini.

Jumapili, 17 Agosti
Imelia. Wamekuja watano tu, wanatembea kama waliolazimishwa. Wamejaza ndoo, wameondoka. Mzee Mkumbo alichungulia tangi mara mbili.
Mchana imelia tena. Wamekuja wengi kidogo.

Jumatano, 27 Agosti
Nilikuwa kwa shangazi, anamenya viazi. Honi ikalia. Mimi nikaruka kusimama. Yeye hakuinua hata kichwa. "Kaa. Maji yapo." Alimaliza viazi vyote, akafuta kisu, akafunga kanga vizuri, akachukua ndoo.
Akaenda polepole.